Kadi za Mzee Birika: Jina Moja, Wanawake Wawili

Basi tulikuwa tumefika wapi? Emsii ameita jina moja, wamesimama wanawake wawili.

Mmoja tunamjua. Ni Mongina wetu, mjane wa Atuti, aliyechuma majani chai Kericho miaka thelathini na moja, akiishi Laini Tisa, safu ya nyumba za wafanyakazi. Amevaa fulana ya kijani yenye picha ya birika, kama wasikilizaji wengine wa redio waliofika mazishini hapa Ndanai na basi asubuhi. Huyo wa pili ametokea kwenye viti vya mbele, vile vya kufunikwa vitambaa vyeupe. Ana kofia nyeusi pana, miwani ya jua, na kibeti kinachong'aa kama sufuria mpya.

"Mama Kikapu wa Laini Tisa!" emsii Weldon alirudia kwenye maiki. "Nimeita mtu mmoja jameni."

"Ndiyo mimi," alisema Mongina.

"Ndiyo mimi," alisema mwenye kofia.

Tenti nzima ikasema, "Eeeh!"

Hata marehemu, kama angeweza, angecheka. Alikuwa amelala pale mbele ndani ya jeneza la rangi ya kahawia, Hezekiah arap Sigilai, ambaye hakuna aliyemwita Hezekiah. Miaka ishirini na minane aliamsha redioni watu wa Kericho na Bomet saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kusema neno lolote alikuwa anamimina chai kwenye kikombe karibu na maiki, nawe ukiwa kitandani unasikia chururururu, halafu sauti ikisalimia kwa Kikalenjin: "Chamgei! Amka, maji yamechemka!" Ndiyo maana akaitwa Mzee Birika.

Baada ya chai, kadi za salamu. Kila kadi ina nafasi ya majina kumi, na chini kabisa mstari mmoja wa ujumbe. Baada ya kadi, matangazo ya vifo. Sauti ileile ilikusalimia Jumatatu na kukuzika Ijumaa.

Watu wa kadi hawakutumia majina ya kwao. Walijiita ya redioni, wakasalimiana miaka na mikaka bila kuonana uso. Leo ndiyo walikuwa wanaonana mara ya kwanza, na mshangao ulikuwa mwingi. Mwenyekiti wao, Simba wa Chebunyo, ambaye kila mtu alimfikiria jitu lenye ndevu, alikuwa mzee mfupi mwembamba ambaye kiti cha plastiki kilimwacha miguu inaning'inia.

Sasa emsii Weldon alitazama saa yake, akatazama mbingu upande wa Kericho. Kulikuwa kumeanza kuwa kweusi. Saa saba na robo. Mvua ya huku haiombi ruhusa, ikifika saa nane imefika, na Pasta alikuwa ameshasema mzee haendi chini na maji. Mheshimiwa alikuwa amekula dakika hamsini akieleza barabara ambayo bado haijajengwa. Wasikilizaji walibakiziwa dakika tatu, na mtu mmoja tu wa kuwasemea.

"Mmoja aketi," alisema Weldon.

Hakuna aliyeketi.

Mongina hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Lakini kulikuwa na jambo moja alilokuwa amelibeba miaka kumi na mitano, jambo la asante, na mwenye kuambiwa asante alikuwa anaingia kaburini baada ya dakika arobaini na tano. Hakulisema akiwa hai. Aliona haya, akasema kesho, akasema mwezi ujao. Akifukuzwa hapa kama mwongo, atarudi nalo nyumbani na litamkaa kooni mpaka naye wamtangaze.

"Mimi siketi," alisema.

"Hata mimi," alisema mwenye kofia. "Nimetoka mbali."

"Mbali wapi? Mimi nimetoka na basi la saa kumi!"

"Mama, kuamka mapema si kitambulisho."

Watu wakacheka. Mongina akakasirika. Nani huyu?

Simba wa Chebunyo aliruka kutoka kwenye kiti chake na kuja mbele. "Emsii, hii ni kesi ya sisi watu wa salamu, tuachie. Sisi tunajuana kwa kadi. Si mama wa nyumba hii ameleta mkebe?"

Alikuwa ameuleta. Juu ya meza, karibu na picha ya marehemu, kulikuwa na mkebe mkubwa wa biskuti uliojaa kadi kuukuu. Mjane, Mama Rebeccah, aliinua kichwa mara moja tu, akaitikia kwa macho.

Simba akachakura, akatoa kadi moja, akaiinua. "Mama Kikapu wa Laini Tisa! Hii hapa. Sasa kila mmoja aandike jina hilo nyuma ya ratiba. Mkono utasema."

Mongina aliitazama kalamu.

Mwenye kofia alichukua kalamu, akainama, akaandika kama mtu anayetia chumvi. Simba akalinganisha, akapanua macho. "Huu ndio! Huu ndio mkono wenyewe! Oneni!"

Vifijo vikapigwa huko nyuma.

"Na wewe, mama."

Mongina alishika kalamu. Alisoma mpaka darasa la pili tu, halafu mama yake akajifungua pacha na shule ikawa ya wengine. Aliandika M. Akaandika a. Akafika kwenye K, mkono ukagoma. Vidole hivi viliweza kukata majani mawili na chipukizi bila kuangalia, kilo arobaini kwa siku, lakini mbele ya macho mia sita vilikauka kama kuni.

"Haya, tumeona," alisema Weldon, kwa upole wa mtu mwenye haraka. "Mama, tafadhali."

"Mwongo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Ni chakula anatafuta!"

"Mtoe, mvua inakuja!"

Mongina aligeuka aende. Aliiona njia yote mpaka kwenye basi, na aibu ikiwa imepangwa huku na huku. Lakini alipokuwa anairudisha kalamu, jicho lake likaangukia ile karatasi ya mwenye kofia. Kusoma haraka hakuweza. Lakini ile K aliijua. Ilikuwa na mkia mrefu umejikunja mwishoni kama wa ndama aliyeona mlango wazi. K hiyo aliitazama ikiandikwa mara ngapi, juu ya kreti la mizani, saa ya kungoja trekta!

Akasimama palepale.

"Janeffer?" alisema.

Mwenye kofia alishusha ukingo wa kofia yake.

"Wewe Janeffer Chepngeno, karani wa kupima majani. Toa hiyo miwani nikuone."

Mwanamke akatoa miwani polepole. Uso ulikuwa umenona kidogo na kope zimepakwa rangi, lakini alikuwa yeye.

"Mama Zack," alimjibu Mongina kwa sauti ndogo. "Si nilijua utanijua."

"Sasa mbona unaniibia jina mbele ya maiti?"

"Sijakuibia! Mimi ndiye niliandika!"

"Uliandika kwa mdomo wa nani?"

Simba wa Chebunyo akatazama huyu, akatazama yule. "Ngojeni. Hata mimi sasa nimepotea."

"Hujapotea, mzee," alisema Mongina, na sasa hakuwa na habari kuwa maiki iko karibu. "Mkono ni wake. Maneno ni yangu. Nilikuwa nanunua kadi, nampelekea pale mizani, mimi nasema, yeye anaandika. Soma hiyo kadi. Hapana, usisome. Nitakusomea mimi. Wa kwanza, Nyambeki mkunga. Wa pili, Gichana wa boila. Wa tatu, dereva wa trekta anayepita kama ameiba. Wa nne, mama mboga wa Laini Saba na mguu wake unaouma. Wa tano, wote wanaopimiwa na mizani isiyo na huruma."

Simba alikuwa anafuata kwa kidole. "Sawasawa," alisema. "Sawasawa. Na huruma imeandikwa huluma."

"Kalamu iliteleza," alisema Janeffer.

Kicheko kilichopigwa pale kilimfanya hata Pasta ajifiche nyuma ya Biblia.

"Wa kumi!" watu walidai. "Wa kumi ni nani?"

Mongina akamkazia Janeffer macho. "Wa kumi nilisema Pasta wetu. Yeye akaweka kijana mmoja wa Kipkelion! Nikasikia redioni jina simjui, eti 'mpenzi wa roho'. Mume wangu akaacha uji akauliza, Mongina, roho gani hiyo? Nilishindwa kueleza hiyo habari."

"Si nikaolewa naye?" Janeffer alisema. "Mpaka leo niko naye! Hata hapo ameketi!"

Mwanamume mmoja mwenye kitambi alipunga mkono kwa haya. Vigelegele vikalia. Hapo ndipo walipogombana, kumbe, na Janeffer akafunga mzigo akaenda kuolewa bila kwaheri. Miaka kumi na sita.

Weldon akaikimbilia maiki. "Wapendwa, saa saba na nusu! Mkono huu, mdomo ule, wote ni Mama Kikapu mmoja. Dakika tatu. Mwenye mdomo aongee."

Mongina akaletewa maiki. Akapumua. Alitazama jeneza, akaongea nalo kama unavyoongea na mtu aliye ng'ambo ya ua.

"Mzee Birika, mimi sitasema mengi. Mume wangu Atuti alipoaga, wewe ndiye ulimtangaza. Ukatamka jina la kwao vizuri, hata watu wa kwetu Kisii wakasema huyu ametamka. Baada ya hapo sikutaka kuamka. Sikununua kadi mwaka mzima. Lakini kila Ijumaa, kila Ijumaa, nikiwa nimelala na nguo za jana, nasikia unasema: Kadi ya Mama Kikapu wa Laini Tisa, na ujumbe wake ni, mama amka, washa jiko. Sikuwa nimetuma mimi! Nikajua ni wewe umeitunga mwenyewe, ili nijue sijasahaulika. Na niliamka. Ijumaa hamsini na mbili niliwasha jiko kwa sababu yako. Sikukuambia. Sasa nakuambia, as..."

"Mama Zack," alisema Janeffer.

"Ngoja nimalize."

"Mama Zack, zile za Ijumaa zilikuwa zangu."

Maiki iliyasikia maneno hayo vizuri. Tenti ikayasikia vizuri zaidi.

"Nilisikia tangazo la Baba Zack nikiwa jikoni kule Kipkelion," alisema Janeffer. Kofia alikuwa ameivua, akiikunja ukingo. "Ningekuja, lakini ulisema ukiniona utanifukuza na mwiko. Ningetuma kadi kwa jina langu, ungezima redio. Nikaona jina ambalo huwezi kuzima ni lako. Nikaandika. Halafu nikazoea. Sikuacha mpaka mwaka huu."

Wazia, umebeba zawadi miaka kumi na mitano, umefika mlangoni, unaambiwa si hapa. Asante yote ilikuwa mkononi mwa Mongina na haikuwa na mwenyewe. Aliyekuwa anamwamsha si mzee mwenye birika. Ni huyu, aliyemwita mwizi dakika tano zilizopita.

"Kwa hivyo yeye," alisema mwishowe, akionyesha jeneza kwa kidevu, "yeye hakujua kitu?"

"Alijua."

Sauti haikutoka kwa Janeffer. Ilitoka kiti cha kwanza. Mama Rebeccah alikuwa amesimama, mrefu, kitambaa cheusi begani, na aliposimama yeye hata mheshimiwa alizima simu yake.

Alikuja mpaka kwenye maiki, akawashika wote wawili mkono, mmoja huku, mmoja huku.

"Mzee wangu alikuwa anasoma kadi nyumbani jioni kabla ya kuzisoma redioni," alisema. "Anazipanga kwa meza ya kulia. Siku moja akacheka peke yake. Nikamuuliza, Baba, nini? Akasema, nina Mama Kikapu wawili. Kadi za Jumanne zilikuwa na mkono wa mtoto wa shule."

"Phelis, binti yangu," alisema Mongina. "Huyu alipokwenda, ndiye aliniandikia."

"Za Ijumaa zina mkono wa karani. Mwaka ule za Jumanne zilikuwa zimeacha kuja, na za Ijumaa ndiyo zimeanza. Na alikuwa ametangaza kifo cha Laini Tisa kwa mdomo wake. Akajua. Nikamwambia, basi sema redioni, huyo wa pili si mwenyewe. Akakataa. Akasema, Rebeccah, nikisema, mmoja ataona aibu aache, na mwingine ataacha kuamka. Mimi kazi yangu ni kusoma. Na kila Ijumaa aliiweka kadi hiyo ya kwanza. Kabla chai haijapoa."

Kulikuwa na mama mmoja huko nyuma aliyesema "Woi!" kwa niaba ya wote.

Mongina alipangusa uso kwa fulana yake ya birika. Halafu, kwa sababu yeye ni yeye, akamgeukia Janeffer kwanza.

"Mwiko sikuja nao," alisema. "Una bahati."

Wakakumbatiana, kofia ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Kisha akageukia jeneza, akamshukuru marehemu kwa lugha yake.

"Kongoi, Mzee Birika. Ulisoma. Basi ni hiyo tu."

Makofi. Simba wa Chebunyo alilia waziwazi, akiwa amepanda juu ya kiti ili aonekane. Weldon alinyoosha mkono achukue maiki. Saa saba na dakika arobaini na moja. Tone la kwanza liligonga turubai, to.

"Bado," alisema Mama Rebeccah. "Mongina, usiende kuketi."

Akaingiza mkono ndani ya kibeti chake, akatoa bahasha. "Hii sikuiweka kwenye mkebe. Mzee aliiweka ndani ya Biblia yake. Miaka kumi na mitano haikusomwa, na aliniambia ikiwa yeye atatangulia, nikupe mkononi. Ni kadi ya salamu. Ilifika Jumatano. Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa amemtangaza aliyeituma kuwa ameaga. Akasema, nitawasomea vipi watu salamu za mtu niliyemzika juzi?"

Mongina akaipokea, akaitoa kadi.

"Nani ameituma?"

"Mume wako."

"Atuti?" Mongina karibu acheke. "Atuti wangu? Huyo alikuwa anasema redio inakula betri bure! Na Atuti hajui kuandika. Mshahara alikuwa anaweka kidole."

"Tazama."

Alitazama. Muhuri wa posta juu ya kadi, Simba alimsomea bila kuombwa, kwa sauti, kwa sababu watu wa salamu hawajui siri ni nini: "Kipkelion!"

Mamia ya shingo zikageuka. Zikamtazama Janeffer wa Kipkelion.

Naye Janeffer alikuwa anatazama viatu vyake.

Sasa kuna hesabu ambayo mwanamke yeyote huifanya haraka kuliko karani. Mwaka ule wa mwisho, Atuti alikuwa anatoka kila Jumamosi. Unaenda wapi? Kipkelion, kutafuta mahindi ya bei nzuri. Anarudi jioni bila hata gunzi. Mahindi yako wapi? Bei ilikataa. Jumamosi baada ya Jumamosi. Halafu homa ya mapafu ikamchukua kwa siku tatu, na Mongina hakupata nafasi ya kuuliza tena.

"Janeffer," alisema. Sauti ilikuwa ya chini, lakini maiki haina adabu. "Mume wangu alikuwa anatafuta nini Kipkelion?"

"Mama Zack..."

"Nimekuuliza."

"Haaa!" ilisema tenti. Yule mwanamume mwenye kitambi alikuwa amesimama pia, na hakuwa anapunga mkono tena.

"Soma kadi kwanza," alisema Janeffer. "Nakuomba. Isome, halafu hata ukinipiga na hiki kiti, nitasimama."

"Leta nikusomee," alisema Simba.

"Hapana," alisema Mongina. "Hii nitaisoma mimi mwenyewe."

Pasta akatazama mawingu, akatazama mama, akafunga kitabu. "Mwacheni asome," alisema. "Mungu atashika mvua kidogo."

Akasoma. Hakuna haraka. Kidole kwenye mstari wa kwanza. Herufi zilikuwa kubwa na zimeegemeana kama walevi wanaosaidiana kurudi nyumbani.

"Ma... ma. Mama. Ki... ka... pu." Akainua macho. "Ni mimi. Wa kwanza ni mimi."

"Wa pili!" tenti ilisema.

Kidole kikashuka. "Ma... ma..." Akasita. "Mama Kikapu."

"Hiyo umeshasoma, mama."

"Imeandikwa tena."

Wa tatu. Mama Kikapu. Wa nne. Mama Kikapu. Sasa watu walikuwa wanasoma naye, safu za mbele kwanza, halafu za nyuma, kama watoto wa shule ya Jumapili. Wa tano, Mama Kikapu. Wa sita, ile K imesimama wima kidogo. Wa saba, wa nane. Wa tisa herufi hazikugusana tena. Wa kumi, mstari ulikuwa umenyooka kabisa, na mwishoni mwa ile K kulikuwa na mkia mrefu, umejikunja kama wa ndama.

Mongina akautazama mkia huo kwa muda.

"Wewe ulimfundisha," alisema.

"Kila Jumamosi," alisema Janeffer. Machozi yalikuwa yameondoka na rangi ya kope. "Nilikuwa nafundisha ngumbaru kanisani, darasa la wazee. Nikamwona ameingia, ameketi nyuma kabisa, magoti yamegonga dawati. Akaniambia, huyu mke wangu kila wiki anasalimia watu kumi, na hakuna mtu amewahi kumsalimia yeye. Nifundishe jina lake tu. Mengine baadaye. Akaniapisha nisikuambie mpaka uisikie kwa Mzee Birika."

Hapo Mongina aliketi. Hakutafuta kiti, kiti ndicho kilimtafuta, mtu alikisukuma kwa wakati. Alikuwa amekasirikia mahindi yale miaka kumi na mitano. Kadi ilikuwa magotini mwake, na kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari wa kumi, hakitaki kutoka.

Mvua ilianza sasa, nyepesi, na hakuna aliyeinuka. Mwenye kitambi alikuja akamfunika mke wake na koti, akiwa na uso wa mtu aliyesamehewa kosa asilolifanya.

Kisha Mongina akashusha kidole chini kabisa. Pale penye mstari wa ujumbe palikuwa peupe.

"Hapa hakuandika kitu."

"Hapo alikuwa hajafika," alisema Janeffer. "Hiyo ni kadi ya kwanza, posta iliichelewesha, na jina la mtumaji nilimwandikia mimi. Aliandika tatu, Mama Zack, Jumamosi tatu. Ya tatu ndiyo ina ujumbe. Aliuandika mwenyewe, alinifukuza nisichungulie, akaenda kuitia posta kwa mkono wake, Jumamosi ile ya mwisho."

Wote wakamtazama Mama Rebeccah.

"Kwetu ilifika moja," alisema. "Naapa. Moja tu."

"Ya pili iliharibika kwa maji," ilisema sauti ya kiume kutoka karibu na nguzo ya tenti. "Hiyo ni ukweli. Lakini ya tatu ilifika."

Ni mzee Kepher aliyesema. Kila mtu wa redio alimjua: miaka ishirini ndiye aliyekuwa akibeba mfuko wa kadi kutoka posta mpaka studio. Alikuwa amekuja na koti lake la mvua la kazini, amesimama siku nzima bila kutaka kiti.

"Ilifika na ujumbe ninaujua, kwa sababu niliusoma," alisema. "Mama, nimeiweka miaka kumi na mitano. Niliambiwa isifike kwako wewe."

Mongina akasimama. Kadi aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili. "Uliambiwa na nani?"

Kepher aliinua mkono wake mvuani, polepole, akaonyesha jeneza.